Sungura Wanane wa Ipyana

Sungura namba tano alianguka ubavu saa nne na dakika kumi asubuhi, miguu ikimtetemeka, na Inspekta Eufrasia Kamugisha akajua hapo hapo kwamba kesi yake imevunjika.

Daktari Theophil hakushtuka. Alimtoa sungura kizimbani, akampakata mapajani, akamdondoshea maji ya sukari mdomoni kwa bomba lisilo na sindano, kidogo kidogo, huku akimbembeleza kama mtoto anayekataa uji. Baada ya dakika chache masikio yalisimama. Daktari akamrudisha ndani, akatazama kimashine cha kupimia sukari.

“Namba tano, mbili nukta moja,” alisema. “Andika, Inspekta. Jumanne, huyu huyu alibaki kwenye sita, anatutazama tu kama hakudungwa kitu.”

Eufrasia aliandika. Ilibidi aandike tarakimu ile mara mbili, ya kwanza haikusomeka.

Hebu tuyaseme mambo yalivyokuwa, maana kesi hii kila mtu Kyela aliisimulia kwa namna yake. Kisa, binti wa Anyosisye muuza samaki, alikuwa na miaka tisa na kisukari tangu akiwa na minne. Alilelewa na bibi yake Tukuyu, akidungwa insulini asubuhi na jioni, akisoma, akiruka kamba na wenzake. Bibi alipovunjika nyonga, baba akamleta mtoto Itungi, na mke wake mpya, Asifiwe, ndiye akawa wa kumdunga. Zikapita siku ishirini na tatu, Kisa akafa. Daktari wa hospitali akaandika kwamba sukari ilipanda mpaka damu ikageuka sumu, kama mtu aliyekosa insulini kabisa. Siku tatu baada ya mazishi baba akaja kituoni, akasema mwanawe ameuawa na mama wa kambo.

Ukishalitaja neno hilo, mama wa kambo, nusu ya wasikilizaji wameshatoa hukumu. Eufrasia, tuseme ukweli, alikuwa mmoja wao.

Halafu kulikuwa na chungu. Asifiwe ni Mkisi wa Ikombe, kwa wafinyanzi, na kichupa cha dawa alikiweka ndani ya chungu cha kwao, kimezungushiwa mchanga mbichi, kwenye kona ya chumba. Ndugu wa mume walipokiona walisema huo ni uchawi mtupu. Polisi wakakibeba kama kielelezo. Kichupa nacho kikapelekwa kwa mkemia, pamoja na kichupa kingine kilichokuwa kimebaki kwenye friji la bibi kule Tukuyu. Vyote viwili vilitoka kiwandani katika toleo moja, namba ile ile, vikasafiri ndani ya kisanduku kimoja cha ubaridi, vikarudi pamoja. Majibu yalichukua karibu miezi miwili: insulini imo, kiasi kamili, kotekote.

Basi. Kama dawa ni nzima, na mtoto amekufa kwa kukosa dawa, hakudungwa. Hesabu ya darasa la pili. Ijumaa iliyopita Eufrasia alikwenda Itungi mwenyewe, akamkuta Asifiwe anapepeta mchele, akamfunga pingu mbele ya majirani. Wakapiga makofi. Wakili wa serikali angekuja kesho asubuhi kuchukua jalada, na shitaka la mauaji halina dhamana.

Kilichomkera Inspekta kilikuwa kimoja tu. Koplo Gwamaka alikuta uvunguni mwa kitanda kopo la mabomba ya sindano yaliyotumika, akayamwaga mezani na kuyahesabu. Arobaini na sita. Siku ishirini na tatu, mara mbili kwa siku. Na dawa iliyopungua kwenye kichupa ilikaribiana na hesabu hiyo. Eufrasia alikuwa na jibu lake: mwanamke alivuta dawa akaimwaga chini. Lakini wakili wa utetezi angeng’ang’ania hapo mpaka mate yamkauke. Ndiyo maana alipoambiwa kwamba Ipyana kuna daktari wa mifugo aliyewahi kufanya kazi ya kupima nguvu ya dawa kwa wanyama, alimfuata. Alitaka msumari wa mwisho. Alitaka mtu wa kusimama mahakamani aseme: dawa hii, angedungwa, angepona.

“Lakini mkemia si ameshapima?” Gwamaka aliuliza siku ile ya kwanza.

“Mkemia amehesabu watu waliomo nyumbani,” Theophil alimjibu. “Anaiyeyusha dawa yote, anapima iko kiasi gani. Sawa, watu wapo. Mimi nitabisha hodi nione nani anaamka.”

Aliazima sungura wanane wa vijana wa kanisa, wenye uzito unaokaribiana, akawapa namba. Aliwanyima chakula kuanzia jioni. Eufrasia, ambaye hamwamini mtu hata aliyemwita mwenyewe, alivifunika vichupa kwa plasta, kimoja nyekundu, kingine nyeusi, akaandika kwenye karatasi ipi ni ya nani, akaitia kwenye bahasha yenye lakiri na kumkabidhi Gwamaka. Daktari hakujua anachodunga. Jumanne namba moja hadi nne walipata nyekundu, tano hadi nane nyeusi, kipimo sawasawa kwa uzito wa kila mmoja. Baada ya saa mbili, sukari ya wale wa nyekundu ilikuwa imeshuka chini ya nusu. Wale wa nyeusi hawakuwa na habari.

“Labda hao wanne ni wabishi,” Eufrasia alisema.

“Inawezekana. Kila mnyama ana mwili wake. Kwa hiyo tunawapumzisha Jumatano, Alhamisi tunawabadilishia dawa. Sungura hawezi kuwa mbishi Jumanne akawa mnyonge Alhamisi.”

Eufrasia alilishika neno hilo, wabishi, siku nzima ya Jumatano. Alilala nalo.

Sasa ilikuwa Alhamisi. Namba sita, mbili nukta nane. Namba saba, tatu kamili. Namba nane amejikunja pembeni kama ana homa, mbili nukta sita, naye akapewa maji ya sukari. Na wale wa kwanza, moja hadi nne, ambao Jumanne walilegea, leo walikuwa wamesimama wanaguguna waya wa kizimba kwa njaa. Sita. Tano nukta tisa. Sita nukta tatu. Tano nukta nane.

Theophil alipiga hesabu zake kwenye daftari, akazirudia, akavua miwani.

“Nyekundu ni dawa. Nyeusi ni maji meupe,” alisema. “Ukinilazimisha nitaje kiasi, nitasema haina hata sehemu moja ya kumi ya nguvu inayoandikwa kwenye lebo. Nipeni bahasha.”

Gwamaka alimtazama bosi wake. Bosi alikuwa anatazama sungura. Koplo akavunja lakiri mwenyewe, akasoma karatasi moyoni, akaisoma tena kwa sauti.

“Nyekundu, ya bibi, Tukuyu. Nyeusi, ya Asifiwe.”

Eufrasia alifunga daftari lake. Miaka kumi na minne ya kazi. Watu aliowakamata wangejaza basi, na hajawahi hata siku moja kuona aibu ya kukutana na mmoja wao sokoni. Alimwona yule mwanamke na ungo wake, akinyoosha mikono yote miwili kupokea pingu kama anayepokea zawadi ya mkubwa.

“Aliongeza maji,” alisema. Alisema ili mradi aseme.

“Angeongeza maji, mkemia angekuta pungufu. Amekuta kamili.”

“Basi imeharibikia njiani.”

“Vimesafiri sanduku moja, Inspekta. Vimekwenda pamoja, vimerudi pamoja. Mwenzake ni mzima.” Theophil alibandua plasta, akavizungusha vichupa vyote viwili viganjani polepole, akaviinua juani. Cha bibi kiligeuka cheupe sawasawa, kama maziwa. Cha Asifiwe kilibaki na chengachenga, nyingine zimeganda kwenye kioo, kama maziwa yaliyokatika. “Insulini haikuibiwa humu. Imo, imefia humo humo. Vitu viwili ndivyo vinavyoweza kufanya hivi, joto kali au barafu. Kwa jicho tu siwezi kuapa ni kipi.”

“Joto,” Gwamaka alisema haraka. “Kyela hii, afande, na kile chungu.”

“Twendeni tukakiulize chungu,” Eufrasia alisema.

Kituoni walikitoa chungu kwenye chumba cha vielelezo, wakakiweka kwenye kona ya ofisi isiyo na feni, bati likiwaka juu. Eufrasia akaagiza Asifiwe aletwe, akamwambia akiandae kama alivyokuwa anafanya nyumbani. Hakumwambia sababu.

Asifiwe alikuwa mwanamke mwembamba wa miaka kama ishirini na sita, amevimba macho. Aliamkia, akapiga magoti, akaanza. Mchanga kwanza, nusu ndoo. Akaulowesha kwa mkono, akionja ubichi wake kwa vidole, akazungushia ndani ya chungu, akaacha tundu katikati. Akafunika kwa kitambaa chenye maji. Nje ya udongo unyevu ulianza kutokeza taratibu, ngozi ya chungu ikabadilika rangi.

“Nani alikufundisha?”

“Mama. Kwetu tunatunzia maziwa hivi, na maji ya mgonjwa.”

Theophil aliingiza kipimajoto kwenye tundu, kingine akakitundika ukutani. Walikaa. Gwamaka alisoma kila baada ya nusu saa na kuandika. Saa tisa alasiri, ukutani ilikuwa thelathini na tatu. Ndani ya chungu ilikuwa ishirini na tano.

“Kichupa kilichofunguliwa kinaruhusiwa kukaa mwezi mzima kwenye thelathini,” Theophil alisema. Alizungumza kwa upole, lakini kila neno lilimchoma Eufrasia. “Chungu hakikuiua dawa. Kilikuwa mahali salama kuliko pote nyumba ile.”

Asifiwe aliinua kichwa. “Dawa ilikuwa imekufa?”

Eufrasia alivuta kiti, akakaa karibu naye. Kwa mara ya kwanza tangu Ijumaa hakukaa nyuma ya meza.

“Mama, kichupa ulikipata wapi?”

“Baba Kisa aliniletea.”

“Siku mtoto alipofika?”

“Siku ya tatu yake. Aliyotoka nayo Tukuyu ilikuwa imebaki kidogo, ndiyo tuliyoanza nayo ikaisha. Vile vipya alivichukua baba. Alisema chungu changu si mahali pa kuweka akiba.”

“Kilikuwaje alipokileta?”

“Kinatoka jasho. Nje kimelowa.” Akafikiri. “Na kifuniko kilikuwa cha moto, kama kilichoanikwa.”

Eufrasia aligeuka kumtazama Gwamaka. Koplo huyu ni mtu wa Makwale, amekulia kwenye mpunga na kakao, lakini shemeji zake wanavua. Alikuwa ameshalifikia jibu. Uso wake ulikuwa umesawijika.

“Itungi barafu ni ya watu wa samaki, afande,” alisema.

Duka la Anyosisye liko barabarani, si mbali na bandari, kibanda cha matofali chenye mlango wa bluu na mizani inayoning’inia. Mwenyewe alikuwa anamkata samaki aina ya mbasa vipande. Alikuwa mtu mpana, mwenye sauti, aliyekonda ghafla katika miezi hii miwili mpaka mashati yakamkataa. Alipoona gari la polisi alinawa mikono, akafuta kigoda kwa kanga.

“Karibu, afande. Ugonile, Koplo. Kesho ndiyo siku?”

“Kesho ilikuwa siku,” Eufrasia alisema. “Nina maswali machache ya kukamilisha jalada.”

“Uliza hata mia.”

“Insulini za Kisa zilikuja ngapi?”

“Vichupa vitatu vipya, kutoka kliniki. Bibi yake alinikabidhi mimi mkononi.”

“Ukaambiwaje?”

“Ziwe kwenye baridi. Bibi alinishika mkono kabisa, akaniambia, mwanangu, dawa hii ikipata joto, mtoto hana maisha.” Sauti ilikatika, akaikusanya. “Nafika nyumbani, yule mwanamke anataka kuzitia kwenye chungu. Chungu, afande. Nikamwambia, chungu chako weka mboga, dawa ya mwanangu itakaa mahali pa maana.”

“Wapi?”

Anyosisye aliupiga kofi mfuniko wa friza kubwa jeupe lililojaza nusu ya duka.

Hata mwenye kulitarajia jambo hushtuka likimtokea. Gwamaka aliangalia pembeni, barabarani, akajifanya anamtazama mtu anayepita na baiskeli.

“Endelea,” Eufrasia alisema.

“Nini cha kuendelea? Mimi kazi yangu ndiyo hii. Mbasa wangu wanafika Mbeya hawajaharibika hata jicho. Kitu kikiganda hakiozi, kinaharibika kikiyeyuka. Kwa hiyo nilivitia chini kabisa, kwenye barafu yenyewe. Siku ya kumpa kichupa kilikuwa kigumu kama jiwe. Nikakianika juu ya bati mpaka kikalainika, nikampelekea. Andika hilo, afande, litakusaidia. Dawa ilitoka kwangu nzima. Ilipofika kwenye chungu chake ndipo ilipoharibika.”

Eufrasia aliandika. Aliandika kila neno, kwa mwandiko wake mzuri wa shule ya masista, kwa sababu akiacha kuandika angelazimika kusema.

“Viwili vilivyobaki?”

Anyosisye akafungua friza. Alisogeza samaki, akapiga barafu kwa kisu, akatoa mfuko wa nailoni. Ndani mlikuwa na vichupa viwili, vifuniko havijafunguliwa, vyeupe, vigumu. Akaviweka mezani taratibu. Akaondoa pia gamba la samaki lililokuwa limenata kwenye kimoja.

“Nimeshindwa kuvitupa,” alisema. “Ni vya mwanangu.”

“Anyosisye,” Eufrasia alisema, “kaa.”

“Nimesimama tu, nipo sawa.”

“Kaa, baba.”

Akakaa. Eufrasia akamwambia yote, bila kupamba na bila kukata. Sungura wanane, plasta mbili, Jumanne na Alhamisi. Chungu na vipimajoto. Alimwambia kwamba insulini ikiganda haioneshi kidonda, inabaki humo kiasi kile kile, ila haifanyi kazi tena, na hakuna wa kuifufua. Akamwonesha kichupa cha Asifiwe na zile chenga zake. Alitoa na cha bibi, akakiweka ubavuni mwake.

“Mkemia alisema dawa nzima.” Anyosisye alisema kwa sauti ya mtu anayesahihisha bei.

“Mkemia alisema ipo.”

“Sungura na mtu wapi na wapi.”

“Sungura aliyepata ya bibi nusura afe kwa nguvu yake. Aliyepata ya kwako alikuwa anatafuna waya.”

Anyosisye alitazama vichupa viwili vilivyokuwa vinaanza kutoka jasho mezani. Alinyoosha mkono kama anayetaka kuvirudisha kwenye baridi. Ukamfia njiani.

“Kwa hiyo alimdunga,” alisema.

“Alimdunga. Asubuhi na jioni. Hakuruka hata mara moja.”

“Siku zote zile.”

“Siku zote.”

Mteja alitokeza mlangoni na sufuria, akataka dagaa wa usipa. Hakuna aliyemwangalia, akaondoka. Anyosisye alijifunika uso kwa ile kanga ya kufutia kigoda, akalia mwili mzima bila sauti. Eufrasia amewaona watu wengi wakiambiwa wanashitakiwa. Hajawahi kumwona mtu ambaye hajashitakiwa kwa lolote akawa hivi.

“Na mimi nimekosea,” alimwambia. “Nilimfunga pingu kabla sijauliza dawa ililala wapi. Swali la mtoto mdogo, sikuliuliza.”

“Wewe hukumzika mtu,” Anyosisye alisema.

Kisha akauliza nani atakayemwambia Asifiwe. Eufrasia akamjibu kwamba watakwenda pamoja. Alifunga duka kwa kufuli, akaacha mbasa kwenye ubao, nusu amekatwa.

Njiani Gwamaka aliendesha polepole kuliko kawaida. Walipofika kituoni alimvuta Inspekta pembeni, nyuma ya gari.

“Afande, huyu tunamwandikia kosa gani?”

“Sijui.”

“Uzembe?”

“Umeziona zile chupa zilivyofungwa kwenye mfuko? Mtu mzembe hafungi hivyo.” Alijipangusa uso. “Sijui, Gwamaka. Kwanza tumtoe mtu ndani.”

Asifiwe aliletwa kaunta. Akarudishiwa kanga, kandambili na simu yenye kioo kilichopasuka, akatia sahihi kwenye kitabu. Aliweka kidole kwenye kila mstari kabla ya kuandika, kama mwanafunzi. Mumewe alikuwa amesimama karibu na dirisha. Alikuwa hajamtazama.

Eufrasia alisema yaliyompasa kusema. Kwamba uchunguzi umeonesha kuwa alimdunga mtoto ipasavyo. Kwamba dawa iligandishwa kabla haijamfikia, na iliharibikia huko. Kwamba yuko huru tangu dakika hii, na kwamba yeye, Inspekta Eufrasia, anamwomba radhi mbele ya watu hawa, na kesho atamwomba mbele ya majirani wa Itungi walewale waliopiga makofi.

Asifiwe alisikiliza mpaka mwisho. Hakulia, hakushukuru.

Anyosisye akageuka. “Mama Kisa,” alisema. Hakuwahi kumwita hivyo, na kila aliyekuwa mle ndani aliona jinsi jina lilivyomtoka kwa shida. “Ni mimi. Niliitia kwenye friza. Nilidhani naitunza.”

“Nilijua ina kasoro,” Asifiwe alisema.

Gwamaka aliacha kuandika.

“Unasemaje?” Eufrasia aliuliza.

“Niliziona zile chenga. Siku ya kwanza tu nilipokifungua. Nilikitikisa sana, hazikuisha. Kisa naye alikiangalia, akaniambia, mama, ya bibi haiko hivi.” Alikuwa anazungumza na kaunta, si na mtu. “Nikamwambia labda ni ya kampuni nyingine. Siku ya kumi alipoanza kukojoa usiku kucha na kunywa maji ndoo nzima, nilitaka kuuliza. Nilifika mpaka mlangoni kwa baba yake dukani.”

“Kwa nini hukuuliza?”

“Kulikuwa na watu. Wiki ile alikuwa ameshasema mbele yao kwamba sisi Wakisi tunachojua ni udongo. Nikaona nikisema dawa yake mbovu watanicheka tena. Nikachukua usipa wa mboga, nikarudi nyumbani, nikamdunga.”

Anyosisye alishuka ukutani taratibu mpaka akakaa sakafuni, miguu imenyooka mbele kama ya mtoto.

“Asifiwe,” Eufrasia alisema, na sauti yake mwenyewe ilimtisha, “sheria haikudai chochote. Umesikia? Nenda nyumbani.”

“Ndaga, asante, afande.”

Aliikunja kanga yake vizuri, akaiweka juu ya kaunta, na kandambili juu yake. Kisha akageuka, akapita mbele ya mumewe, akatembea kwenye ujia mpaka mlango wa mahabusu uliokuwa umeachwa wazi, akaingia, akakaa mahali pale pale alipokuwa amekaa tangu Ijumaa. Gwamaka alibaki na funguo mkononi, anamtazama Inspekta, hajui afunge au afanye nini.